Red Arrows na wenzao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu timu za sarakasi za angani

Kila majira ya joto ya Ulaya yakifika, ndugu na marafiki huanza kunitumia video ileile: ndege tisa nyekundu zimejipanga kama almasi, nyuma yake moshi mweupe, mwekundu na wa bluu, na chini ya video swali moja, "Hawa hawagongani vipi?" Nimelijibu swali hilo na mengine ya jamaa yake mara nyingi mno, kwenye simu na mezani, hadi nikaona bora niyaweke majibu mahali pamoja. Nitaegemea zaidi Red Arrows, timu ya Jeshi la Anga la Uingereza, kwa kuwa ndiyo niliyoifuatilia kwa karibu. Wamarekani, Wafaransa, Waitaliano na Waarabu wa Ghuba nitawaita pale wanapohusika.

Timu ya sarakasi za angani ina tofauti gani na ndege zinazopita juu ya uwanja siku ya Uhuru?

Siku za sikukuu za kitaifa kwetu, ndege za jeshi hupita juu ya uwanja zikiwa zimepangana, watu wanapiga vigelegele, na kabla hujamaliza kumwonyesha mtoto zimeshapotea nyuma ya jukwaa. Huko ni kupita kutoa heshima. Kunahitaji mpangilio mzuri na saa sahihi, ila ndege zinakwenda moja kwa moja.

Timu ya sarakasi haiondoki. Inabaki juu ya watazamaji kwa dakika 20 na zaidi, inapanda wima, inajipindua, inabingirika, inabadilisha umbo kutoka almasi kwenda mshale kwenda msalaba, na wakati wote huo ndege zimeshikana kana kwamba zimefungwa kamba. Nusu ya kwanza ya onesho la Red Arrows ndege zote tisa ziko pamoja. Nusu ya pili wanagawanyika, na hapo ndipo pa kuja uso kwa uso, kuchora moyo kwa moshi, na mengine yanayowafanya watu washike vichwa.

Hawagongani vipi?

Wengi hudhani kila rubani anaangalia mbele kama dereva wa basi. Anayeangalia mbele ni mmoja tu: kiongozi, anayeitwa Red 1. Wengine wote wanaangalia ndege iliyo jirani. Rubani wa pembeni ana alama zake kwenye ndege ya mwenzake, tuseme ncha ya bawa na sehemu fulani ya ubavu, na kazi yake ni kuzifanya alama hizo zikae kwenye mstari mmoja. Zikiachana kidogo tu, anajua ametoka mahali pake na anarudi. Kitanzi, yaani duara la wima, kikipigwa, mbingu ikawa chini na bahari ikawa juu, yeye haoni bahari wala mbingu. Anaona alama zake.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni sauti. Kiongozi hutamka kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na hutamka kwa mwendo uleule siku zote, kama mtu anayesoma dua anayoijua kwa moyo. Silabi ya mwisho ya amri ndiyo inayosogeza mikono. Wenzake hawasubiri waone ndege yake imeinama ndipo nao wainame. Wangesubiri, wangekuwa wamechelewa.

Kwa upande wa Blue Angels wa Jeshi la Majini la Marekani kuna jambo linalolionyesha hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Kabla ya kuruka, marubani huketi kuzunguka meza, wengine wamefumba macho. Mkono mmoja wanauweka kama umeshika usukani, mwingine kama uko kwenye mpini wa injini. Kiongozi anaanza kusema onesho zima kwa sauti, amri kwa amri, na mikono yote mezani inasogea pamoja. Ukiwatazama utadhani ni watu wanaoswali. Wakitoka hapo wanaenda kuruka, na katika baadhi ya maumbo yao ndege zinakaribiana hadi sentimita 46, yaani chini ya urefu wa mkono wako.

Je, kiongozi mwenyewe akikosea?

Wenzake wanamfuata. Sitaki kulipamba jibu hili.

Tarehe 18 Januari 1982, Thunderbirds, timu ya Jeshi la Anga la Marekani, walikuwa wakifanya mazoezi jangwani Nevada, katika kituo cha Indian Springs. Ndege nne za T-38 zilikuwa bega kwa bega, zinashuka kutoka juu ya kitanzi. Uchunguzi wa jeshi uliona kwamba mtambo wa usukani wa ndege ya kiongozi ulikwama, akashindwa kuinua pua kwa wakati. Watatu waliobaki walikuwa wanafanya kile walichofundishwa: kuangalia ndege ya kiongozi, si ardhi. Wote wanne walikufa kwa mara moja.

Ndiyo maana mtu haji tu akapewa uongozi. Kiongozi wa Red Arrows ni rubani aliyewahi kuruka katika timu hiyohiyo miaka ya nyuma, akaondoka, akafanya kazi nyingine jeshini, kisha akarudi. Anajua jinsi inavyokuwa kumwamini mtu kiasi hicho kwa sababu aliwahi kukaa pembeni. Na kiongozi akiugua, timu hairuki. Hakuna rubani wa akiba kwa nafasi yoyote. Akikosekana mmoja wa pembeni, wanaweza kupanga onesho la ndege nane, lakini Red 1 hana mbadala.

Zile mbili zinazokuja uso kwa uso, ni hila ya macho?

Kidogo, ndiyo, na hila hiyo ni sehemu ya usalama. Hao ni Red 6 na Red 7. Wanakutana kwa kasi ya pamoja inayozidi kilomita 1,100 kwa saa, sawa na mita 300 kila sekunde: viwanja vitatu vya mpira kwa kufumba na kufumbua. Kati yao kuna nafasi ya kama mita 30. Wewe uliye ufukweni unawaona kwa ubavu, kwa hiyo macho yako hayawezi kupima nafasi ile, na unaona wanapitiana ndani kwa ndani.

Jukumu limegawanywa wazi. Mmoja anashika mstari wake na hausogezi. Mwingine ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha wanapishana. Wangekuwa wote wawili wanajaribu kukwepana, ingekuwa kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja anasogea upande uleule. Na Red 7 wa mwaka huu kwa kawaida ndiye Red 6 wa mwaka ujao, kwa hiyo Red 6, anayeongoza jozi, ameshakaa kiti cha mwenzake msimu mzima.

Hawa wawili ndio wanaoruhusiwa kushuka chini zaidi, hadi futi 100. Timu nzima ikiwa pamoja haishuki chini ya futi 300.

Ule moshi ni nini? Una madhara? Kwa nini wengine wana mweupe tu?

Ni dizeli. Chini ya tumbo la kila ndege ya Red Arrows kuna tangi, mahali ambapo ndege ya aina hiyo ingefungwa bunduki. Rubani akibonyeza kitufe, dizeli inasukumwa kwa bomba hadi kwenye pumzi ya moto inayotoka injini, inageuka mvuke papo hapo, na hewa ya nje inaufanya mvuke kuwa moshi mweupe. Akitaka rangi, kitufe kingine kinachanganya dizeli na rangi nyekundu au bluu. Kila ndege inabeba moshi mweupe wa kama dakika tano, mwekundu wa dakika moja na wa bluu wa dakika moja. Ndiyo maana hauachiwi ovyo. Kila sekunde ya rangi imepangiwa mahali pake, na kiongozi ndiye anayeamuru uwashwe na uzimwe.

Blue Angels wanatumia mafuta ya jamii ya parafini badala ya dizeli, na moshi wao ni mweupe tu. Tangi lao limewekwa puani, pale ambapo mzinga wa ndege ulikuwa.

Moshi si pambo peke yake. Jozi inayokuja uso kwa uso inauhitaji ili kuonana mapema, kwa sababu ndege inayokujia kwa pua ni nukta ndogo sana. Na moshi ulioachwa angani unamwambia kiongozi upepo unavuma wapi na kwa nguvu gani.

Kuhusu madhara: ni dizeli, na yeyote aliyesimama nyuma ya daladala mbovu anajua dizeli ni nini. Wanamazingira wanalalamika, na mimi siwezi kuwaambia wamekosea.

Marubani wanapatikanaje?

Hakuna anayeanzia huko. Mwombaji lazima awe tayari rubani wa ndege za kivita, awe amefanya kazi katika kikosi cha mstari wa mbele, awe na angalau saa 1,500 za kuruka ndege za aina hiyo na sifa ya kuwa juu ya wastani. Wanaoteuliwa kwa mchujo wa mwisho hutumia siku kadhaa pamoja na timu: wanarushwa, wanahojiwa, na marubani waliopo wanakaa nao na kuwapima. Hili la mwisho ndilo zito. Wanaochagua ndio watakaoruka na mtu huyo mita chache pembeni yao, kwa hiyo ustadi pekee hautoshi. Wanatafuta mtu anayeambiwa kosa lake bila kununa.

Muda wa utumishi ni miaka mitatu, na kila mwaka huingia wapya wawili au watatu. Wapya huwekwa mbele, karibu na kiongozi, ambako ni rahisi zaidi kushika nafasi. Waliokomaa hukaa nyuma, ambako kila mtikisiko wa mtu wa mbele hufika ukiwa umeongezeka, kama foleni ya magari inavyosimama ghafla nyuma hali wa mbele amegusa breki kidogo tu.

Mazoezi yao yakoje?

Msimu wa maonesho ni wa joto, mazoezi ni ya baridi. Kuanzia vuli wanaruka mara tatu kwa siku, siku tano za wiki, hali ya hewa ikiruhusu. Wanaanza wachache wachache, ndege tatu au nne, na ndege tisa huja kuunganishwa majira ya baridi yakielekea ukingoni. Kisha hufuata jua. Kwa miaka mingi kambi yao ya mwisho ilikuwa Akrotiri, kisiwani Cyprus, ambako mawingu hayawasumbui.

Kila wanaporuka kuna fundi aliye chini anayewapiga video. Wakitua hawaendi kunywa chai. Wanaingia chumbani, video inawekwa, na wanaanza kuambiana makosa: hapa umechelewa, hapa umekuwa chini, hapa umesogea ndani. Cheo hakimlindi mtu ndani ya chumba kile. Kosa ambalo mimi na wewe tusingeliona hata tukionyeshwa kwa kidole linasimamishwa kwenye kioo na kujadiliwa. Wengi wetu tunajua ofisi ambazo mtu hawezi kukosolewa mbele ya wenzake bila kufanya uadui, na mimi nimefanya kazi katika moja ya ofisi hizo. Kwa hiyo sehemu hii huwa inanivutia kuliko hata vitanzi.

Majira yote ya baridi wanavaa ovaroli za kijani kama marubani wengine. Mwishoni mwa mchipuko huja afisa wa ngazi ya juu wa Jeshi la Anga kuwatazama wakifanya onesho kamili. Akiridhika, anawapa kibali cha kuruka mbele ya umma, na siku hiyo ndipo wanaruhusiwa kuvaa nyekundu. Mafundi nao wanavaa bluu. Wachache kati ya mafundi hao huchaguliwa kila mwaka kusafiri kwenye kiti cha nyuma cha ndege wakati timu inahama kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, ili ndege zikitua tu kuwe na mtu wa kuzihudumia.

Wanatumia ndege gani? Kenya haikuwa nazo pia?

Umekumbuka vizuri. Ni BAE Hawk, ndege ya mafunzo yenye viti viwili na injini moja, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974. Red Arrows wamekuwa wakiitumia hadharani tangu 1980. Kabla ya hapo walikuwa na Folland Gnat, kandege kadogo zaidi. Kenya ilinunua Hawk 12, zikawasili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zimbabwe na Afrika Kusini wamezirusha pia, na ndugu zetu walioko Muscat wanaweza kuziona za Jeshi la Anga la Oman.

Hawk za Red Arrows ni za toleo la kwanza kabisa, T1. Vikosi vingine vya Uingereza viliacha kuzitumia mwaka 2022, na timu imepangiwa kuendelea nazo hadi 2030. Ni ndege za zamani, na zinazotunzwa na mafundi wanaostahili sifa zaidi ya wanayopewa.

Timu hizi zilianza lini?

Marubani wa kijeshi wameruka kwa pamoja kuburudisha watu tangu kati ya vita viwili vya dunia. Za leo karibu zote ni za baada ya 1945. Blue Angels waliundwa mwaka 1946 kwa agizo la Admirali Chester Nimitz, aliyetaka wananchi wasisahau ndege za jeshi la majini baada ya vita kwisha. Thunderbirds na Patrouille de France ni wa 1953, Frecce Tricolori ya Italia ni ya 1961.

Uingereza, vikosi vingi vilikuwa na timu zao. Mwaka 1958 Black Arrows walipiga kitanzi na ndege 22 za Hunter kwa pamoja kwenye maonesho ya ndege ya Farnborough, na rekodi hiyo ya kitanzi bado ni yao. Baadaye wakubwa waliona marubani wanatumia muda mwingi kwa maonesho kuliko kazi ya vita, wakaamua iwe timu moja ya kudumu. Red Arrows wakaanza msimu wao wa kwanza mwaka 1965 na ndege saba, chini ya Lee Jones. Jina lilichukua wekundu wa timu iliyoitwa Red Pelicans na mishale ya Black Arrows. Ndege tisa zikawa kawaida mwaka 1968, na almasi ya tisa ndiyo nembo yao tangu hapo.

Ni kweli kulikuwa na ajali iliyoua watazamaji wengi?

Kweli, na kanuni nyingi unazoziona leo zilitokana na maiti.

Septemba 1952, Farnborough, ndege ya majaribio ya DH 110 ilivunjika vipande hewani, na injini yake moja ikaangukia umati mlimani. Watu 31 walikufa, wakiwemo rubani John Derry na mwenzake. Uingereza ikaanza kuweka umbali kati ya ndege na watu.

Kisha Ramstein, kituo cha Wamarekani kilichoko Ujerumani Magharibi, tarehe 28 Agosti 1988. Watu wapatao laki tatu walikuja na familia zao, ni Jumapili. Frecce Tricolori walikuwa na umbo la moyo uliochomwa mshale: makundi mawili yanachora moyo kwa moshi, yanashuka na kupishana chini, na ndege ya kumi inapita katikati ikielekea upande wa watazamaji. Siku ile ndege ya kumi ilifika kabla ya wakati na ikiwa chini mno. Iligonga mbili, ikaanguka ikiwaka moto, na ikabingirika hadi ndani ya umati. Marubani watatu na watazamaji 67 walikufa. Majeruhi walikuwa mamia, wengi kwa moto.

Jambo linalonikaa rohoni ni la baada ya ajali. Waokoaji wa Kimarekani na wa Kijerumani walikuta mipira ya dripu ya hawa haiingii kwenye sindano za wale. Majeruhi wengine walipakiwa kwenye magari bila mtu kujua wanapelekwa hospitali ipi. Kituo kilikuwa kimejiandaa kupokea wageni, hakikujiandaa kuwazika.

Ujerumani ilisimamisha maonesho ya ndege kwa miaka mitatu. Nchi nyingi zikakataza ndege za sarakasi kuelekeza pua kwa watazamaji na zikarefusha umbali wa chini kabisa. Kwa hiyo ukienda leo ukalalamika kwamba wako mbali, kumbuka umbali huo umetoka wapi.

Na Red Arrows wenyewe wamepoteza watu?

Ndiyo. Agosti 2011, Jon Egging alianguka karibu na Bournemouth onesho likiwa limekwisha, timu ikijipanga kwenda kutua. Wachunguzi waliona kuwa huenda nguvu ya G ilimpunguzia fahamu. Novemba mwaka huohuo Sean Cunningham alirushwa na kiti cha kujiokoa ndege ikiwa imesimama chini, na parachuti haikufunguka. Mwaka 2018 fundi Jonathan Bayliss, aliyekuwa kiti cha nyuma, alikufa ndege ilipoanguka katika kituo cha Valley, Wales.

Hiyo nguvu ya G ni nini?

Ni uzito unaoongezeka ndege inapokata kona kali au kuinuka kwa ghafla. Kwa G 7, mtu wa kilo 75 anakuwa kama ana kilo 525. Damu inakimbilia miguuni, macho yanaanza kuona kijivu, na asipojikaza anazimia. Marubani wengi huvaa suruali maalumu inayojaa hewa na kubana miguu na tumbo ili damu isishuke.

Blue Angels hawaivai. Wao huegemeza mkono wa usukani juu ya paja ili usitikisike, na suruali ikijaa hewa ingeusukuma mkono ule. Sentimita 46 hazina nafasi ya msukumo huo. Kwa hiyo wanakaza misuli na kupumua kwa mbinu waliyofundishwa, kwa nguvu za mwili mtupu.

Kuna wanawake?

Wapo. Nicole Malachowski alianza maonesho na Thunderbirds mwaka 2006, Kirsty Moore na Red Arrows mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2010 Virginie Guyot aliongoza Patrouille de France, mwanamke wa kwanza duniani kuongoza timu ya aina hii. Yeye ndiye aliyekuwa akitamka, na wanaume saba wakisogeza mikono kwa sauti yake. Amanda Lee aliingia Blue Angels kwa msimu wa 2023.

Kwa nini mwaka 2022 Red Arrows waliruka na ndege saba badala ya tisa?

Sababu mojawapo ni aibu, na mpenzi wa timu hii lazima aitaje. Kulikuwa na uchunguzi kuhusu mwenendo wa baadhi ya watu wa timu, marubani wawili wakaondolewa kazini, na ripoti iliyotolewa mwaka 2023 ikaeleza jinsi wanawake waliofanya kazi humo walivyosumbuliwa na kudhalilishwa hadi ikaonekana kawaida. Mkuu wa Jeshi la Anga aliomba radhi. Nimeandika hapo juu nikisifu chumba cha kukosoana. Chumba kile kilihesabu makosa ya angani, na ya chini yakaachwa. Bado linaniuma.

Mawingu yakiwa mazito, onesho linafutwa?

Si lazima. Wana maonesho matatu kichwani. Mawingu yakiwa juu ya futi 4,500, wanafanya kamili pamoja na vitanzi. Yakiwa kati ya 2,500 na 4,500, wanabingirika tu bila kupanda wima. Chini ya hapo wanapita na kukata kona. Kiongozi anaweza kubadilisha akiwa hewani, kwa neno moja, na wote wanajua kinachofuata.

Afrika na Ghuba je?

Afrika Kusini wana Silver Falcons, ndege tano za Pilatus PC-7 kutoka Langebaanweg. Morocco wana Marche Verte, Misri wana Silver Stars. Kwa wasomaji walioko Ghuba bahati ni yenu: Al Fursan wa Falme za Kiarabu, walioanzishwa mwaka 2010 kwa msaada wa Waitaliano, huonekana Dubai Airshow, inayofanyika Novemba ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Saudi Hawks, kijani na nyeupe, wanarusha Hawk kama Red Arrows. Jordan wana Royal Jordanian Falcons tangu 1976, na ndege zao ni za propela, ndogo, zinazopinduka kwa namna ambayo jeti haiwezi.

Kwa nini serikali zitumie fedha kwa jambo hili?

Sababu wanazotoa ni tatu: kuvutia vijana kujiunga na jeshi, kuonyesha uwezo wa nchi, na kusaidia kuuza ndege. Zote ni za kweli, hata hiyo ya tatu. Hawk imenunuliwa na nchi nyingi zilizowahi kuona Red Arrows wakipita juu yao. Mtu akiniambia fedha hizo zingejenga zahanati, sina la kumpinga. Ninachoweza kusema ni kwamba nimemwona mzee mwenye fimbo akivua kofia walipopita, na nimeona watoto waliokuwa wakigombania aiskrimu wakinyamaza wote kwa pamoja.

Mwanangu ana miaka 12 na anataka kuwa mmoja wao. Aanzie wapi?

Hesabu, fizikia, na mwili wenye afya. Mwambie pia kwamba kwanza atakuwa mwanajeshi kwa miaka mingi, na kazi ya mwanajeshi si maonesho. Akisikia hilo na bado macho yanang'aa, mpeleke akaone uwanja wa ndege wa karibu. Na asidharau kazi ya fundi.

Nikienda kuwaona, nifanye nini?

Miji ya pwani ya Uingereza ni mizuri kwa sababu maonesho mengi ya ufukweni huwa ni ya bure, na ndege zinaruka juu ya maji. Onesho la Fairford, hukohuko Uingereza, mwezi Julai, ni kwa kulipia, lakini utaona timu za nchi nyingi mahali pamoja. Kaa jua likiwa mgongoni. Wadogo wavalishe vizuia sauti masikioni, kwa kuwa ile jozi ikipita chini, mngurumo unafika baada ya ndege na unagonga kifuani.

Simu irekodi dakika mbili za mwanzo, kisha iweke mfukoni. Halafu chagua ndege moja, tuseme ya mwisho kabisa kushoto, usiiache. Wote wanapogeuka kulia, yenyewe ina safari ndefu kuliko zote kuzunguka nje, na utaiona inahema: inasogea kidogo, inarudi, inasogea, inarudi. Huyo ni mtu anayepanga alama zake.